Gauni Lililosubiri Daraja

Jumapili. Mvua inanyesha tangu asubuhi hapa Mkuyuni, nami nimekaa mbele ya cherehani bila kushona kitu. Nina huzuni, na sitaki kuipamba.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliniachia kitenge cha bluu nimshonee gauni. Alikuwa akiishi Sengerema, ng'ambo ya ziwa; siku hizo tulivuka kwa kivuko cha Busisi, daraja likiwa bado linajengwa. Nilimpima, nikaandika vipimo kwenye daftari, kitenge nikakiweka kwenye rafu. Nikasema wiki ijayo.

Wiki ijayo ikawa miaka miwili.

Alikuwa akipiga simu, namwamkia, naye ananitania: "Marahaba. Haya fundi wangu, gauni limefika kwenye kola au bado tuko kwenye pindo?" Najibu: "Daraja likiisha tu, mama, nakuletea mwenyewe." Anacheka sana. Kitenge kilikuwa hata hakijaguswa na mkasi.

Leo niseme ukweli. Kivuko hakikunizuia. Watu walivuka kila siku na kuku wao na magunia yao. Ila sisi mafundi tuna tabia mbaya: mteja anayefoka tunamshonea kwanza, ndugu anayecheka tunamweka mwisho. Mama mkubwa hakujua kufoka.

Daraja likafunguliwa. Nikasema ngoja kwanza nimalize sare za harusi.

Mwezi uliopita nikavuka daraja hilo kwa mara ya kwanza, kwenda kumzika. Dakika chache tu tukawa ng'ambo. Nililia njia nzima, na sehemu kubwa ya kilio kile ilikuwa aibu.

Baada ya mazishi, binti yake, Neema, alinionyesha viatu vya bluu, vipya, bado vimefungwa kwenye gazeti. Mama yake alivinunua ili avivae na gauni langu. Alikuwa akivifungua, anavitazama, anavifunga tena.

Neema hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua. Alisema tu, "Dada, lishone hivyo hivyo. Mimi na mama tulikuwa tunaazimana nguo. Nitalivaa siku ya arobaini."

Arobaini ni Jumamosi hii.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba nitaanza kesho asubuhi, nikiwa na akili iliyotulia. Nimeifuta sentensi hiyo. Kitenge kiko mezani, na daftari liko wazi kwenye vipimo vyake.

Nisamehe, mama. Naacha kuandika, nachukua mkasi.