Maji ya Kinywa cha Mama

Mjambere, Kisauni
2 Machi 2025

Mwanangu Randu,

Marahaba. Mimi mzima, ila goti lanisumbua nikitoka kanisani. Wewe je, unakula?

Nimesikia redioni vita vimefika mji uliko. Ulikwenda huko kuendesha lori la maji la watu wa misaada, hukwenda kufa. Rudi. Mjomba wako Tsofa ataka kuukata ule mnazi wa nyuma ajenge vyumba vya kupangisha. Nimemwambia akungoje, maana kitovu chako kimezikwa pale.

Wakumbuka marehemu baba yako akishuka mnazini na kibuyu cha tembo kiunoni, nawe wamngoja chini ulambe povu? Nilikuwa nikigomba. Siku hizi natamani hata ile harufu.

Mamako,
Nyamvula


12 Aprili

Mama, shikamoo.

Goti lipake mafuta ya nazi ya moto, usidharau. Mimi mzima. Nilikuwa kimya kwa sababu mtandao ulikatwa.

Kile kijiji nilichokuwa nikipeleka maji kimekwisha. Askari walimwaga mafuta machafu ya gari kisimani, kisha wakaichoma mitende yote. Nilijificha chini ya lori, niliwaona. Hapakuwa na adui pale, ni akina mama na mbuzi wao. Baadaye bibi mmoja alitandika mkeka kando ya visiki, watu wakaja kumpa pole. Nililia, mama. Nilikumbuka mnazi wetu mwingine ulipopigwa radi, baba akakataa kugema, majirani wakaja kukaa nasi kama matangani. Alituambia zamani kwetu mkata mnazi alihukumiwa kama aliyemuua mamake.

Wako wachunguzi wa makosa ya vita hapa mpakani tulikokimbilia. Mwanasheria wao ameniambia hata vita vina sheria ya mataifa: kisima na chakula cha raia haviguswi, na anayeviharibu ili watu wafe njaa anashtakiwa. Wanataka shahidi wa kuapa. Wenzangu wanarudi Jumatatu. Mimi nataka kubaki niseme.

Ila najua umekasirika kwa kuwa sijarudi, na siwezi kuapa ukiwa na kinyongo nami. Nihatsie, mama, niende na baraka yako.

Mwanao,
Randu


20 Aprili

Randu,

Hali yangu ni ile ile.

Sihatsi. Nitie maji kinywani, niseme moyo wangu umetulia juu yako, kisha niyapulize, na moyo wenyewe haujatulia? Baraka ya uongo si baraka. Ulipopata ajali Magongo nilikuhatsia ukainuka kitandani, kwa sababu sikuwa nadanganya.

Mitende si yako. Wenye bunduki watalijua jina lako. Wewe wajua yule bibi wa mkeka ana watoto wangapi wa kumlilia? Mimi ninaye wewe tu.

Tsofa nimemwambia akate. Sioni wa kungojwa.

Mamako


1 Juni

Mwanangu Randu,

Shikamoo yako sijaiona tangu nikuandikie vile, basi najiitikia mwenyewe: marahaba. Kama umenikasirikia, una haki.

Tsofa alikuja na msumeno wa mashine. Ulipoanza kulia tu, nikamwona yule bibi wako na mkeka wake. Nilitoka na kanga moja nikaukumbatia mnazi. Tsofa akacheka, mpaka alipoona mimi sicheki. Akauzima. Mnazi una jeraha, lakini umesimama.

Nikaingia ndani nikachota maji. Mchungaji akisikia atanihubiria Jumapili nzima, na ahubiri. Nilisema: Mulungu, nilimkasirikia mwanangu kwa sababu naogopa. Sina kinyongo naye. Ulimi wake uwe mwepesi na njia yake iwe baridi. Nikayapuliza pale kitovu chako kilipo.

Kaseme, Randu. Yule bibi naye ni mama wa watu. Kisha uje nyumbani.

Mamako akupendaye,
Nyamvula


19 Juni

Mama, shikamoo.

Sikukukasirikia hata kidogo. Tulihamishwa kambi, simu ikawa haina kazi. Ujumbe wako uliingia asubuhi ile ile ya kiapo, nikausoma nimesimama mlangoni.

Nimesema yote, kisima na mitende. Waliniuliza kwa nini nimebaki, na nchi si yangu. Nikawaeleza mnazi wa radi, na baba alivyokaa chini siku ile bila kugema. Wameandika. Nitakuwa Kisauni kabla mwezi haujaisha, mwambie Tsofa asinimalizie madafu.

Jambo moja utalicheka. Kabla hatujaanza kinywa kilinikauka, wakanipa chupa ya maji. Funda la kwanza sikulimeza, nililipuliza chini, likamrukia karani viatuni. Akashtuka, akauliza hii ni nini.

Nikamwambia mamangu ameshafika, sasa tuanze.

Mwanao,
Randu