Uwanja wa Kusomwa kwa Vidole

Kaka yangu mpendwa,

Namtanguliza Mwenyezi Mungu, aliyetulaza tumbo moja kabla ya kumpa kila mmoja wetu njia yake, na kwa jina Lake nakusalimu kwa heshima na upendo. Nataraji barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na usingizi unakuja unapoitwa. Nami ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi huniletea habari za mvua kabla mawingu hayajazipata. Mkwe wetu anayekusomea maneno haya nampa salamu zake peke yake, pamoja na ombi: mwanangu, kifurushi kilichofuatana na barua hii kiweke mezani, usimpe bado. Nitakwambia wakati wake.

Uliniuliza habari za nyumba ya wazazi: kama mlango wa uani bado unagoma, na kama bado naufagia uwanja asubuhi. Nimekusikia, na nitakujibu. Ila niruhusu nianze mbali, kama ulivyozoea kunilalamikia.

Tangu macho yako yalipoacha kuona nimekuwa nikijiuliza nikuletee nini. Picha haikufai. Sasa, jirani yangu mmoja ni fundi wa mifano midogo ya majengo, ile ambayo wachora ramani huwaonyesha wateja wao. Watoto wa mtaa humwita Jitu, kwa kuwa nyumba zake zote zinamfikia kifundo cha mguu. Nilimwomba anifundishe kutengeneza kipande cha uwanja wetu juu ya kibao, upana wa viganja viwili. Akasema mwanafunzi wa umri huu hajapata kuwa naye, lakini akanisogezea kigoda.

Nilikwenda dukani nikanunua vyuma vya kufinyangia, vyembamba, vinavyong'aa. Jitu alivitazama akaniuliza ni jino la nani linalong'olewa. Kisha akanionyesha vyake: mswaki uliokwisha kazi, kijiti cha kuchokolea meno, na karatasi ya jaribosi, ile ya kung'aa iliyofungia chokoleti, ameifumbata hadi ikawa tonge. Tonge hilo ukilibonyeza juu ya udongo mbichi huacha uso wa jiwe. Mswaki ukiudunga-dunga wima huacha mfano wa mchanga. Kijiti huchora nyufa. Vyuma vyangu, alisema, huacha alama ya chuma, na kila mtu ataijua kuwa ni alama ya chuma.

Nikakaa na kazi hiyo kati ya sala na sala. Sina mengi mengine. Tangu shemeji yako alipotangulia mbele ya haki, nikiingia ndani hutoa salamu kwa mazoea, kisha husimama kidogo mlangoni kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Chai bado naipika ya watu wawili, na huinywa yote nisije nikaimwaga.

Uwanja ulipokauka niliupaka rangi: wekundu wa udongo, kijivu cha mawe, na ukijani hafifu pale palipokuwa pakivuja maji. Ukanipendeza, nikamshukuru Mungu, nikampelekea Jitu. Akaugeuza, akausifu, akauliza unakwenda kwa nani. Nikamwambia ni wa kaka yangu, ambaye haoni. Akaniangalia kwa huruma ambayo natamani angeificha.

“Sasa, mzee,” akasema, “rangi hii umempakia nani?”

Nikafumba macho, nikapitisha kidole. Kaka, hapakuwa na kitu. Rangi ilikuwa imejaa ndani ya nyufa na kulala juu ya mchanga. Uwanja mzima ulikuwa laini kama sahani. Muda wote huo nikikuwaza wewe, mikono yangu ilikuwa ikiyatumikia macho yangu.

Nikaanza upya, nimefumba macho. Ule mswaki uliolipendeza jicho, kidole hakikuusikia, nikauweka kando. Nikachukua mchanga wenyewe, nikauchekecha kwa chujio la chai, nikaunyunyiza juu ya gundi. Nyufa nikazipanua. Na kwa mistari ya ufagio wa mama, ile ya nusu duara tuliyokatazwa kuikanyaga kabla baba hajatoka, hakuna chombo kilichofaa ila njiti moja ya ufagio, nikiikokota polepole kama mama. Jitu alipouona alisema unatisha. Nikamjibu kwamba hakuulizwa.

Mwanangu, sasa mpe.

Kaka, anza kwenye kona iliyokatwa. Hayo ni mawe ya pipa la maji. Shuka taratibu utaikuta mistari ya mama. Ukiivuka utawagusa watu wawili wadogo, niliopewa na Jitu kutoka kwenye sanduku lake. Mrefu ni wewe. Mbele yao ni kizingiti.

Na jibu lako ni hili. Mlango haugomi tena, kwa kuwa haupo. Nyumba ilibomolewa kabla ya mvua zilizopita ili kupisha barabara, nami nimepanga chumba juu ya karakana ya Jitu. Katika barua zangu za karibuni kalamu ilikuwa ikifika hapo inakataa. Mchanga unaougusa si wa dukani. Niliuchota uani kwa mikono, mitambo ilipokwisha kuondoka.

Kimebaki kitu kimoja. Kizingiti kile kilikuwa kimemeguka upande mmoja, pale ulipokiangushia mchi tukiwa wadogo. Nimefumba macho, nimefumbua, sikumbuki kama ni kulia au kushoto. Baba hayupo, mama hayupo, na kizingiti chenyewe kimesagwa. Kwa hiyo nimekifinyanga kwa udongo wa mafuta, usiokauka, na nimekiacha kizima. Tia kidole gumba chako, ubonyeze upande uliomeguka, kisha mkwe anirudishie kibao. Hakuna mwingine wa kumwuliza.

Mwenyezi Mungu akuangazie moyo, aibariki mikono ya huyo anayekusomea, aujaze utulivu na riziki ya halali mlango wenu na wote wanaoupita, na atukutanishe tena pasipo na kubomolewa.

Ni mimi mdogo wako,
yule mfupi kati ya wale wawili.