Mguu Usiovuliwa Kiatu

Lindi, Ijumaa, 12 Machi 1954

Hakitoki. Nimejaribu jioni nzima kukitenganisha kiatu na mguu wa bandia wa Mzee Salumu, lakini huko Ulaya viliundwa pamoja. Nikikikata, mguu hausimami.

Mwaka mzima alibebwa mgongoni kwenda msikitini, nami, mfunga vidonda wa hospitali, nikimwambia avumilie, mguu unakuja. Leo ametembea nao mwenyewe mpaka mlangoni mwa msikiti. Akavua kiatu cha mguu mzima, akautazama ule mwingine.

"Bwana dresa, niingie na kiatu?"

"Mzee, huo sasa ni mwili wako."

"Mimi sikuzaliwa na kiatu, mwanangu."

Akaufungua, akanipa, akaingia akitambaa mbele ya watu wote.

Daktari anasema hakuna mguu wa aina nyingine.

Mzee alipotoka msikitini alinishukuru kwa taabu yangu. Afadhali angenitukana.