Baba Amefika Nyumbani

Kwako kaka yangu mpendwa,

Natumai ulirudi salama baada ya mazishi, na kwamba wifi na watoto ni wazima. Mgongo wako je, umetulia baada ya safari ndefu ile? Ukiniuliza mimi, nipo. Nakula, nalala, naenda kazini. Nikiulizwa hali nasema nzuri. Usishangae kuona nimekuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani. Simu nimeitia kwenye droo, na haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyapitisha humo. Isitoshe, baba alibeba barua za watu miaka thelathini na mmoja. Angalau moja ya kwetu ipite njia yake.

Nyumba mpya nimeshaizoea. Ni ya chini, haina ngazi, kama tulivyokubaliana kwa ajili ya magoti ya baba. Ndala zake bado ziko mlangoni, kila asubuhi naziruka. Kazini nilipewa ruhusa ya wiki nzima nikarudi siku ya tatu, maana kusaga lenzi za miwani hakutaki moyo, kunataka jicho tu. Jana nimesaga jozi ishirini na mbili. Machozi, kaka, sijatoa hata tone. Mwili mzima ni kama umekufa ganzi.

Nataka nikusimulie mwaka wake wa mwisho, kwa sababu wewe uliuona kwa picha tu. Unakumbuka alivyoikataa ile simu uliyomtumia, akasema mtu anayeijua kila nyumba ya mji huu hahitaji kuongozwa na kibao cha kioo. Mimi, na kiherehere changu kilichonipa jina, nikamjazia programu: ya ramani, ya kuonyesha basi limefika wapi, ya kuita teksi, ya kutafuta mahali pa kutembelea. Mwezi haujaisha, akawa haambiliki. Anasimama kituoni kuwatangazia wenzake kwamba basi limebakiza dakika nne, na lisipotokea analitetea. Humo humo akagundua wazee wanaocheza drafti nyuma ya maktaba, basi Jumanne na Alhamisi humkuti nyumbani. Na kila simu ilipomuuliza safari ilikuwaje, alibonyeza nyota tano. Siku moja nilimwambia kwamba dereva amemzungusha mji mzima bure, akanijibu kuwa aliyekufikisha humtafutii kasoro.

Alipoanza kusahausahau, nilimwekea kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa Nyumbani. Akikibonyeza, simu inamwongoza kwa sauti, kona kwa kona, na akifika mimi naletewa ujumbe. Alicheka sana, akasema nimemfunga kengele kama mbuzi. Lakini alikuwa akikitumia, hasa siku ambazo kichwa kilimchanganya.

Alhamisi ile nilikuwa kwenye mashine. Saa nane na robo mchana simu ikatetemeka mfukoni: Baba amefika nyumbani. Nikashukuru, maana mvua ilikuwa imeanza, nikaendelea na kazi. Niliporudi saa kumi na mbili mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Nikaita chumba hadi chumba, hata bafuni, na simu mkononi inaniambia baba yupo nyumbani.

Wewe nilikwambia alipotea. Kila aliyekuja kutupa pole nilimwambia hivyo hivyo, nao wakatikisa vichwa, wakasema uzee ni mzigo, hata mpeleka barua husahau njia. Wewe mwenyewe pale makaburini ulisema ya Mungu mengi, aliyejua nyumba za watu wote ameikosa ya kwake. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Kaka, baba hakupotea. Tulipohama nilibadilisha anwani benki, kazini, kwa watu wa maji na wa umeme. Kile kitufe nilikisahau. Miezi miwili alikuwa akirudi na mimi au na jirani, siku hiyo akarudi peke yake. Kilimpeleka kule tulikotoka. Akapanda hadi ghorofa ya tatu na magoti yale, akajaribu ufunguo, ukakataa. Wenyeji walikuwa kazini. Akakaa kwenye ngazi za nje, zile zisizo na paa, akaningoja. Mama wa nyumba ile alipomkuta amelowa chapachapa alimsihi aingie ndani, akakataa kwa adabu, akisema binti yake anajua yuko hapo, atakuja sasa hivi. Mimi nilipokikumbuka kitufe na kufika, ilikuwa karibu saa moja. Siku tisa baadaye mapafu yalishindwa.

Juzi niliiwasha simu yake ili niifunge moja kwa moja. Safari ya mwisho ilikuwa bado iko pale, na chini yake nyota alizobonyeza. Zilikuwa tano.

Sikuombi unisamehe leo. Ninaomba jambo moja tu: usiwaambie tena watoto kwamba babu yao alipotea. Alifika pale pale alipoelekezwa. Aliyekosea anwani ni mimi.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu. Ukipenda kunijibu, nijibu kwa barua, na ukinyamaza nitaelewa. Anwani ya hapa nimeiandika nyuma ya bahasha. Nimeihakiki mara tatu.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere