Mabati ya Gikeri

Baba,

Nakuandikia nikiwa na grisi kwenye kucha, kwa hiyo karatasi ikichafuka usinilaumu. Wewe ulichafua zangu kila wiki.

Nianze na ndugu yako. Siku ya mazishi Baba Mdogo Saidi alilia kuliko sisi sote, mpaka watu wakamshika mabega. Siku ya tatu alikuwa uani, anapiga teke matairi ya Gikeri lako, hilo gari la mgongo wa mviringo ambalo mji mzima unaliita chura. Ndiye huyuhuyu aliyekuwa akipita kila Ijumaa baada ya sala, akikukuta umelala chini ya gari, anauliza kwa sauti, mtaa mzima usikie, kama bado unamlea chura wako. Sasa chura amekuwa mali ya ukoo. Anataka kung'oa injini aifunge kwenye mashine yake ya kusaga mihogo.

Wazee wa mtaa wetu wa Biryogo wakaketi, wakakohoa, wakaamua. Kabla ya arobaini, gari likipanda mlima wa Nyamirambo lenyewe, bila kusukumwa, libaki kwa Mama na mimi. Likishindwa, Saidi alichukue. Mama yuko ndani, amekaa eda, hakuna aliyemuuliza. Mimi waliniuliza kama chai bado ipo.

Gari lenyewe si kitu, najua. Liliingia Rwanda mwaka wa uhuru, mwaka niliozaliwa, na sasa sote tuna miaka ishirini na minne. Yule bwana wa Kiyovu uliyekuwa dereva wake alikupa likiwa limekufa kabisa, akajiona mkarimu. Wewe ukalifufua kipande kwa kipande miaka sita, kwa raha yako tu, wenzako wakicheza karata. Lakini ulimwahidi Mama kwamba siku litakapotembea utampeleka juu kilimani Rebero, auone mji wote akiwa ameketi. Wakilichukua, Baba, watakuwa wamekufanya mwongo, nawe huna tena mdomo wa kujitetea. Hilo ndilo lililoniuma.

Basi Saidi akaja kunisaidia. Unakumbuka yale mabati ya kuizunguka injini, ambayo yanaushika upepo wa feni na kuupeleka penye moto, maana injini ile haina maji ya kuipoza. Ulikuwa umeyavua kwa sababu ya kutu, ukitaka kutengeneza mapya. Saidi akayatazama, akacheka. "Injini ya upepo, munaifungia mabati ya nini? Iwache wazi, sha, ivute hewa!" Majirani wakatikisa vichwa kukubali, watu ambao hata baiskeli hawajawahi kumiliki. Akampa fundi wa majiko mabati yote, akarudi, akawasha gari. Haukupita muda mafuta yakaanza kunuka kuungua, injini ikazima. Saidi akatabasamu. "Imekufa," akasema, na sijawahi kumwona amefurahi namna ile hata kwenye harusi yake.

Haikuwa imekufa. Asubuhi, ilipopoa, niliizungusha kwa mkono ikazunguka. Lakini bila mabati ingeungua kweli, na mabati yenyewe yalikuwa yameshakatwa majiko, yanapika maharage ya watu. Nikakaa kwenye cherehani nikilia kwa hasira. Hapo ndipo nilipokumbuka karatasi.

Zile karatasi zangu za kaki, za kukatia ruwaza, ulizokuwa ukiziiba! Nilikuwa nakupigia kelele. "Baba, hiyo ni suti ya mtu!" Nilikudharau, Baba, naliandika hapa ulisome. Niliona mwanamume mwenye mvi anachezea makaratasi kama mtoto. Nikazitafuta, nikazikuta kwenye msumari nyuma ya mlango, katikati ya kola na mikono ya mashati, zimekatwa kwa umbo la mabati yale, na mwandiko wako wa penseli: kushoto, kulia, chini.

Fundi wa majiko akaja uani na mkasi wake, na Saidi, bila shaka, nyuma yake. Tukaziweka karatasi kwenye injini. Kila moja ilizidi kwa upana wa kidole. Fundi akacheka, na Saidi akapata alichokitaka. "Muone, hata kupima alikuwa hajui."

Nikainama nikatazama. Kulikuwa na mistari miwili, Baba. Wa ndani umekolea, wa nje una vikato. Ndivyo ninavyochora mimi. Wa ndani ni kipimo, wa nje ni wa kupinda. Sikukufundisha, wala hukuniuliza hata siku moja. Ulikuwa unakaa mlangoni na kikombe chako, nami miaka yote nikidhani unatazama barabara. Kumbe ulikuwa unatazama mikono yangu. Niliingia kwa Mama, nikajifunika kanga yake usoni, maana Saidi hastahili kuyaona machozi yale.

Nilipotoka nikamwambia fundi akate wa nje, apinde wa ndani. Mabati yakakaa mahali pake, hakuna hata moja lililohitaji nyundo mara ya pili.

Juzi nimepanda Nyamirambo. Niliendesha mimi, wazee wakiwa wamesimama njiani, Saidi kiti cha nyuma kama shahidi, amekishikilia kiti changu kwa mikono miwili. Kule juu nikashuka, nikaweka mkono nyuma, penye injini, ulivyonionyesha zamani ukiniambia: "Sikia, Zena. Iko napumua." Ilikuwa inapumua, Baba.

Jana kwenye arobaini yako Saidi aliwahadithia wageni jinsi mlivyolifufua gari pamoja, wewe na yeye. Nimemwachia hadithi. Gari ninalo.

Eda ya Mama imebakiza miezi mitatu. Siku itakapokwisha nitamketisha mbele, nimpeleke Rebero, nimwambie ni wewe uliyemtuma dereva. Saidi akitaka kuja, miguu anayo.

Pumzika sasa, Baba yangu. Barua hii nimeiandika kwenye karatasi ya kaki, nimeikata katikati ya suti ya mtu. Sikugombezi tena.

Zena wako