Iliita Mara Mbili

Mama yangu mpendwa,

Assalamu aleikum. Nagaa, amani ipo? Goti lako limepoa? Ngamia wanapata maji, au bado mnayafuata mbali? Mimi hapa Isiolo ni mzima, nakaa kile chumba cha mtaa wa Wabera, na kazi ipo. Abdi ndugu yangu, msomee mama polepole, na usiruke neno hata ukiogopa.

Mama, nilikueleza kazi yangu ya mradi wa mifugo. Kompyuta yetu imeunganishwa na waya wa simu kupitia kisanduku kinachoitwa modemu. Naandika ATDT na namba, kinalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango, halafu ofisi ya Nairobi inajibu kwa maandishi. Simu ikiingia, kioo cha kompyuta kinaandika RING. Nikitaka kuitika naandika ATA, basi.

Wiki mbili zilizopita lori liligonga nguzo, waya zikakatika. Mji mzima simu kimya. Lakini siku hiyo, baada ya alasiri, kioo kikaandika RING. Kikaandika tena RING. Kisha kikanyamaza. Kesho yake vilevile, saa ileile. Nikakumbuka ulivyotufunza tukichunga mbuzi: ukiitwa na humwoni anayekuita, ngoja mara ya tatu, kwa sababu binadamu huita mara tatu na yule mwingine huishia mbili. Nikaondoa mikono. Mzee Farah, karani wetu, akanicheka: "Wacha ushamba, Halima! Jini ametoa wapi namba ya ofisi?"

Siku ya nne nilikuwa peke yangu. RING, RING. Wallahi sijui nini kilinisukuma. Nikaandika ATA. Kikajibu CONNECT, bila ile kelele yake. Halafu zikaja herufi moja moja: TALASO.

Hapa mjini hakuna anayejua jina langu hilo la nyumbani. Nikadhani waya zimetengenezwa na kaka Hassan, kwa kuwa yuko Nairobi, ameingia ofisi yetu ya huko, hata nikafurahi. Ikaandika: MAMA YUKO WAPI. Nami mjinga, bila kujiuliza kwa nini kaka asijue kwao, nikajibu: Sericho, nyumba ya mwisho kabla ya kisima. Ikakata. Nikainua simu nisikilize. Hakuna hata mvumo, waya bado ulikuwa umekatika.

Tangu hapo haijaita tena. Nikamshukuru Mungu, nikasema imepita. Kumbe! Jana dereva wa lori la ng'ombe akaniletea barua yako. Unauliza kama nimekuja nikajificha, kwa sababu siku tatu sasa, baada ya alasiri, unasikia sauti yangu nyuma ya nyumba ikikuita mara mbili, na ukichungulia hakuna mtu. Nisamehe. Ni mimi niliyeielekeza.

Umefanya vizuri kutoitika. Lakini hiyo mara ya tatu sasa siiamini. Aliyejua jina langu na sauti yangu atashindwa kuhesabu mpaka tatu?

Nisalimie shangazi, mwambie alale kwako. Msalimie baba mdogo huko kwa ngamia, na mwalimu wa madrasa, akusomee dua.

Barua hii inaondoka leo na dereva yuleyule. Mimi nimeomba ruhusa, nafuata Ijumaa, inshallah. Nikifika sitakuita, mama, hata mara moja. Nitaingia kimya nikushike mkono. Ukisikia sauti yangu kabla ya mkono wangu, si mimi.

Binti yako,
Talaso