Paa la Ndege na Utosi Wangu

Kwako Dada yangu mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha nywele za utosini mwangu, zilizofariki kidogo kidogo kwa muda wa mwaka mmoja na miezi miwili, zikiwa kazini. Zimeacha upara wa duara, mkubwa kama kifuniko cha kopo la maziwa. Mazishi hayakufanyika, kwa sababu marehemu wamebaki wamenata kwenye paa la ndege.

Baada ya tangazo hilo, natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wapwa zangu, na goti lako limeacha kulalamika asubuhi. Mimi mwili ni mzima, ukiacha shingo, ambayo siku hizi inageuka upande mmoja tu, kama mlango uliovimba kwa mvua. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu huniachi nikamaliza sentensi, na ya leo ni lazima uyasome yote kabla hujafungua mdomo.

Nilipopata kazi hii uliwatambia majirani kwamba mdogo wako sasa anakula upepo wa juu. Upepo gani, Dada! Ndege yenyewe ina viti vinne na inatosha watu wawili na nusu. Mimi naingia kwa mafungu: kwanza mguu wa kulia, halafu makalio, halafu kichwa, na mguu wa kushoto nauvuta mwisho kwa mikono kama mzigo wa mtu mwingine. Nikishakaa, magoti yanaukumbatia usukani, kidevu kinalala kifuani, na utosi umegota paa. Upepo ukitutikisa kidogo, paa linanizaba vibao. Abiria mmoja, mama mtu mzima, aliwahi kunigusa bega akaniuliza kama kuna jambo anapaswa kujua, maana tangu turuke ananiona nimeinamisha kichwa nasali.

Kitambaa cha paa kilikuwa cheupe. Sasa juu ya kiti changu pana doa jeusi linalong'aa, mchanganyiko wa mafuta ya nywele, jasho na vumbi. Jua likiwa kali doa hilo hulainika, likatoa harufu ya tambara la kuoshea vyombo lililosahauliwa kwenye ndoo. Siku moja lilidondosha tone. Tone likaangukia mdomo wangu wa juu. Tuishie hapo.

Nililalamika mara moja tu. Mkubwa wetu, ambaye kazi yake ni kukaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka, alinisikiliza huku anajichokonoa meno, kisha akaniambia kwamba ndege haikushonwa kwa vipimo vyangu. Akasema kabla yangu alikuwapo rubani mmoja aliyeitwa Kisoda, ambaye alikaa humo miaka tisa na kofia yake kichwani, na juu ya kofia bado ikabaki nafasi ya kufugia kuku. Akamalizia kwamba nje ya geti marubani wafupi wamejaa tele, hawana kazi. Toka siku hiyo, nikiulizwa hali ya kiti, nilijibu kwamba nakaa raha mustarehe.

Sasa nije kwenye lile uliloniandikia. Unasema Shemeji tangu asimamishwe kazi anashinda uani anapanga misumari kwa ukubwa, akimaliza anaichanganya na kuanza upya. Unasema mtu aliyesingizia kwamba redio ya ndege ilikufa angani, ili mumeo aitwe fundi mzembe, ulimi wake uvimbe ujae mdomo mzima. Ukaniomba mimi, niliye karibu, nimtafute mtu huyo ni nani.

Nimempata, Dada. Kaa chini.

Rubani huzungumza na mnara wa uwanja kwa hedifoni, na hedifoni ina utepe unaopita juu ya kichwa. Kati ya kichwa changu na paa hapakuwa na nafasi ya unywele, seuze utepe. Kwa hiyo miezi yote hiyo niliivaa shingoni, nikawa nasikiliza mnara kwa mbali, kama mtu anayedukiza ugomvi wa jirani ukutani. Mengi niliyapata. Mengine niliyakisia.

Jumanne ile nilikuwa nashuka kutua. Trekta la kukata nyasi lilikuwa limezimika katikati ya njia ya kutulia ndege, na mnara ukaniambia nisitue. Waliniambia mara nne. Injini ilikuwa inanguruma, hedifoni iko kifuani, sikusikia hata neno. Trekta nililiona nikiwa karibu kiasi cha kuona kiraka kwenye shati la dereva. Nilivuta usukani ukagota magotini, ikabidi niyatanue mpaka mlango ukalia. Tukapita juu yake. Dereva alilala kifudifudi kwenye nyasi zake, na nyuma yangu abiria wote watatu wakatapika, mmoja wao ndani ya kola yangu.

Tulipotua mara ya pili, Mkubwa alikuwa ananisubiri, anataka kujua kwa nini sikuwajibu mnarani. Kusema kweli kulikuwa na maana ya kukiri kwamba siingii kwenye ndege yake. Nikaliona geti, nikawaona wafupi. Mdomo wangu ukasema redio ilikufa.

Sikutaja jina la mtu. Lakini uwanja mzima una fundi mmoja wa redio, na nilimjua ni nani kabla sijafunga mdomo. Shemeji alikuwa amesimama palepale na kisanduku chake cha vifaa. Aliniangalia, akasema huenda alisahau kukaza waya. Halafu akaniomba radhi. Mimi! Akasema angefanya nini na uso wake mbele yako kama ningekufa. Na kumbe mpaka leo hajakutajia kwamba rubani mwenyewe nilikuwa mimi. Aliikagua redio mara tatu asione kosa, na hilo nalo wakamhesabia, kwamba fundi gani haoni hata kosa lake. Mimi nilikuwa bafuni nasugua shingo. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa jiwe la kusugulia miguu, na kinyaa hakikutoka, kwa sababu hakikuwa shingoni.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mkubwa nikamwambia yote, nikaandika, nikatia saini. Alinitukana kwa mpangilio, kuanzia miguuni kupanda juu, na kwa kimo changu alichukua muda. Akaniuliza kama nilitaka kumuua mtu wa trekta au kumuua fundi, nichague moja. Leseni yangu imechukuliwa, na kuruka tena kwangu kutategemea wachunguzi. Barua ya kumrudisha Shemeji kazini imechapwa mbele yangu, nami nimeikunja humu. Mpe hiyo kwanza, asome kwa macho yake, ndipo umpe na hii. Siombi unitetee. Ukitaka kunilaani sasa kwa jina langu, una haki, ila mdogo wako huyu, aliyekutania siku ya harusi yenu mpaka ukatoka machozi ya kucheka, asikose mahali pa kukaa mtakapokula pamoja.

Wasalimie wapwa zangu, mmoja mmoja, bila kumruka yule wa katikati anayenuna. Goti lako ulikande kwa maji ya moto. Shemeji usimpe salamu zangu. Hizo nitazileta mwenyewe, na nitapiga hodi nikiwa nimevua kofia.

Ni mimi mdogo wako,
Mlingoti

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha amefika rubani wa kushika nafasi yangu. Ananizidi kimo kwa vidole viwili. Nilisimama dirishani nikasubiri nimwone akigota. Alipiga goti nje ya mlango wa ndege, akapitisha mkono chini ya kiti, akazungusha mpini mdogo, na kiti kikashuka.